Ruhuka Hutoka Alasiri

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Ilikuwa kubwa, ya rangi ya dhahabu, na ilisimama kabla hotuba hazijaisha. Niliipokea kwa moyo mkunjufu. Mtu aliyemaliza maisha yake ya kazi akiwaambia watu kwamba mdudu mdogo kuliko kichwa cha kiberiti anajua saa bila kutazama ukutani, angepewa zawadi gani nyingine? Mmoja wenu akaniomba niandike machache kwa ajili ya wanaoanza kazi. Haya ndiyo machache. Vyeo naviruka kwa sababu vilikuja vikiwa vimechoka, na mshahara naupita kimya kimya kama tunavyopita nyumba yenye msiba.

Nilifika kituoni katikati ya miaka ya themanini, binti kutoka Mwika mwenye shahada ya kemia na viatu vya kuazima. Mkuu wa kituo wa wakati ule alinitazama, akatazama mlangoni nyuma yangu kama anayengoja mwanamume aingie, kisha akaniuliza kama najua kupiga taipu. Nikamwambia najua kemia. "Basi nenda kwa Fulgensi," akasema. "Yeye ndiye anayechezea kemia hapa."

Dakta Fulgensi alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye koti jeupe lililokuwa limeacha kuwa jeupe siku nyingi. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa beseni la vyombo vya kioo akaniambia niviogeshe, kisha akavikagua kama mama mkwe. Nilipomaliza alichukua bilauri moja, akamimina asidi, akatia chumvi mbili tatu na matone ya rangi, akakoroga, akakaa. Maji yakawa mekundu. Baada ya muda yakageuka bluu. Nikadhani kazi imekwisha, nikataka kupiga makofi. Yakageuka mekundu tena. Halafu bluu. Halafu mekundu. Hakuna aliyeyagusa.

"Nani anaitia ufunguo hii saa?" akaniuliza.

Nilisema sijui. Alifurahi sana. Alisema kwamba kila aliyemwonyesha kabla yangu alikuwa na jibu: mhasibu alisema dawa zimeisha muda wake, katekista alisema amwogope Mungu, na mkuu wa kituo alisema hakuna fungu la bajeti kwa maji yasiyojua yanachotaka. Kumbe ni kemia tupu. Kitu kimoja kinazaa kingine, kile kilichozaliwa kinageuka kumzuia mzazi wake, mzazi akichoka kuzuiwa anaanza upya. Ukiziachia kemikali hizo chakula cha kutosha, zinazunguka zenyewe kwa mwendo ule ule. "Kama bilauri isiyo na akili inaweza kushika saa," akasema, "kwa nini chembe ya kiumbe hai ishindwe?" Maswali yangu yote ya miaka iliyofuata yalitoka kwenye bilauri ile. Na somo la vyombo nalo mlishike: chumvi ya jasho la kidole kimoja tu ikiingia, saa ile inakufa. Msiwaachie wengine kuwaoshea vyombo halafu mkalaumu nadharia.

Ukaja wakati wa kupunguza watumishi wa serikali. Kituo chetu kilikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kukalia viti ili visiibiwe. Hao wote walibaki. Akapunguzwa Fulgensi, labda kwa kuwa alikuwa mrefu na alionekana kwa mbali. Aliniachia bilauri zake, taa moja nyekundu, na Kalisti, fundi wa maabara kutoka Mkuu, Rombo, mtu mcheshi ambaye alikuwa hawezi kunong'ona hata kanisani. Niliumia kumwona Fulgensi akiondoka na koti lake limekunjwa kwapani. Alikwenda kwao kufuga nguruwe, na nasikia nguruwe wake walikula kwa saa.

Sasa nieleze kahawa, maana wengine wenu mmeikuta tayari imekuwa habari ya historia. Zamani dawa za kupulizia mibuni zilikuja kwa mkopo kupitia chama cha ushirika, bei ikiwa imekatwa na serikali. Ukaja uhuru wa biashara. Tuliambiwa kwamba mkulima sasa amekombolewa: anaweza kununua dawa kwa yeyote, kwa bei yoyote, akiwa na pesa yoyote, na asipokuwa nayo yuko huru pia. Wakati huo huo ruhuka akaongezeka. Ruhuka ni yule mdudu mweusi anayetoboa tunda la kahawa, akaingia, akazaa humo humo, na kula buni kutoka ndani. Watu wakapiga dawa mara mbili, mara tatu, wakafilisika, na ruhuka wakanenepa.

Mmoja wa waliochoka alikuwa baba yangu. Kihamba chetu cha Mwika, shamba la ukoo, kilikuwa na mibuni iliyopandwa na babu, chini ya migomba, na baba aliihudumia vizuri kuliko alivyotuhudumia sisi. Jirani zake walikuwa wameshaanza kung'oa, wengine wanapanda nyanya, wengine wanauza mbao za mikenge. Nilipokwenda kuwasalimia siku moja nikamkuta ananoa shoka.

"Wewe si daktari wa wadudu?" akaniuliza.

"Ni wa kemia, baba."

"Basi hiyo kemia iniambie kwa nini dawa haiui. Nakupa msimu huu mmoja, Aika. Ukija mikono mitupu, nakata yote mpaka kwenye kaburi la babu yako." Hakuwa akitania. Mtu wa kutania hanoi shoka pande zote mbili.

Nilirudi kituoni na swali jepesi. Watu wetu hupiga dawa asubuhi. Je, asubuhi ruhuka yuko wapi? Nikaweka matunda yaliyotobolewa ndani ya mirija ya kioo, mimi na Kalisti tukawa tunahesabu wadudu wanaotoka, kutwa na kucha. Asubuhi walitoka wachache mno. Walianza kumiminika mchana umeinama, hasa alasiri. Asubuhi yote mkulima anapopiga dawa, ruhuka yuko ndani ya tunda amejifungia, na dawa inaishia kwenye ganda.

Ungedhani hapo mtu ameshapata jibu. Mkuu mpya wa kituo, aliyekuja na uhuru wa biashara na kalamu tatu mfukoni, alikuwa na maoni mengine. "Hiyo ni joto tu," akasema. "Mchana kuna joto, wadudu wanatoka kupunga upepo. Kule Mwika ukungu unakaa siku nzima, utamwambia nini mkulima?" Nakiri, swali lilikuwa zuri, na liliniudhi zaidi kwa sababu hiyo. Kama ruhuka anafuata joto na mwanga, basi siku ya ukungu ushauri wangu haufai kitu. Kama ana saa yake mwilini, atatoka alasiri ukungu uwepo usiwepo, na mkulima anaweza kumtegea.

Njia ya kujua ni moja. Unamweka mdudu kwenye giza tupu, joto lisilopanda wala kushuka, siku baada ya siku, uone kama bado anaijua alasiri. Tulikuwa na chumba cha kufaa: stoo ya zamani ya sampuli, yenye kuta nene za mawe na dirisha moja ambalo tuliliziba kwa mbao na magunia. Ndani tuliingia na taa nyekundu ya Fulgensi tu, kwa sababu wadudu wale hawauoni mwanga mwekundu. Saa tuliinunua sokoni Kiboriloni. Muuzaji aliapa kwamba ni ya Kijapani, na inawezekana ilikuwa inafuata saa za Japani kweli, kwa hiyo tuliirekebisha kila siku kwa mlio wa redio. Ndivyo watafiti wa saa za viumbe tulivyofanya kazi bila saa.

Tatizo ni kwamba chumba hicho kilikuwa kinatamaniwa. Ule ulikuwa wakati wa kila taasisi kujitegemea. Ghala letu la mbegu lilishapangishwa kwa mfanyabiashara wa mitumba, na karakana ilikuwa inachomelea mageti ya watu. Sasa mnunuzi binafsi wa kahawa alitaka stoo yangu aweke magunia. Mkuu wa kituo akaniambia kwa upole wa mwenye nyumba kwamba mgeni rasmi atakuja kutoka wizarani kukagua, na akiona chumba hakina faida, kitapangishwa. Nikamwomba ukaguzi ungoje jaribio liishe. Akasema mgeni rasmi hangojewi na jaribio, jaribio ndilo linalomngoja mgeni rasmi.

Wadudu wangu walikuwa wamekaa gizani siku za kutosha kunitia matumaini. Kila siku, bila jua wala joto la mchana, walitoka alasiri. Lakini siku chache hazitoshi kumfunga mdomo mtu mwenye kalamu tatu. Nilihitaji giza lisiloguswa kwa muda mrefu zaidi.

Mgeni rasmi aliandikiwa saa nne asubuhi. Saa nne tulikuwa tumejipanga, kwaya ya watoto imeshaimba mara mbili kwa majaribio. Saa nane watoto wakapewa ndizi wakarudishwa shuleni. Kawia ufike, wahenga walisema, na bila shaka walikuwa wanamsubiri huyu huyu. Alifika giza limeshaingia, na ukungu wa baridi umeshuka, akiwa na msafara wa watu wanaocheka kila akikohoa. Mkuu wa kituo akawaleta moja kwa moja kwenye stoo yangu kwa kuwa ndiko kulikokuwa na kuta za kuzuia baridi.

"Mbona giza humu?" akauliza mgeni rasmi.

"Ni chumba cha giza, mheshimiwa," nikasema.

"Naona. Yaani, sioni. Hebu washeni taa tulione hilo giza."

Nikamwambia kwamba taa ikiwaka jaribio linaharibika. Mkuu wa kituo akacheka kwa sauti, akasema, "Daktari wetu ana utani mwingi, mheshimiwa," akanyoosha mkono kwenye swichi. Mgao wa umeme, ambao ulikuwa hautukosi, siku hiyo ulitusahau. Chumba kikawaka kama ukumbi wa harusi. Mgeni rasmi akapendezwa na ukimya wa mle ndani, akaamua kutolea hotuba hapo hapo. Alizungumzia uwazi. Alisema taifa haliwezi kuendelea watu wakijifungia gizani, akaagiza madirisha yafunguliwe katika vyumba vyote vya utafiti. Alizungumza mpaka dereva wake akaja kuchungulia. Muda wote huo Kalisti alisimama kwa adabu kubwa, mgongo ameubandika kwenye mlango wa kabati, mikono nyuma kama askari.

Mgeni njoo mwenyeji apone. Walipoondoka nilikwenda kwenye chumba cha mizani nikalia. Sikulia machozi ya kike kama mkuu alivyowasimulia watu baadaye. Nililia kwa hasira, na nilikuwa namwona baba na shoka lake. Kupanga upya kungehitaji matunda mapya na majuma mengine, na msimu ulikuwa unakwisha.

Kalisti akanifuata. "Dada Aika, nusu ya mirija nilikuwa nimeiweka kabatini," akasema kwa ile sauti yake ya kusikika mpaka barabarani. "Hakuna aliyefungua. Nilikataa kusogea. Yule katibu wake alinisukuma mara mbili, nikajifanya mgonjwa wa nyonga."

Usiku ule ule tulizima taa, kesho yake tukaendelea kuhesabu, zaidi kwa ukaidi kuliko kwa sayansi. Alasiri ikafika. Wadudu wa kabatini wakatoka kama kawaida yao. Wale waliosikiliza hotuba hawakutoka. Nikajua wamekufa, au wamekata tamaa ya nchi. Jua lilipozama huko nje, ambako wao hawakukuona, wakaanza kumiminika. Nikasema ni bahati. Siku iliyofuata, kwenye giza tupu, wakachelewa vile vile. Na iliyofuata vile vile.

Hapo nikakaa chini nikacheka peke yangu mpaka Kalisti akaogopa. Kitu kinachofuata joto na mwanga tu hakina kumbukumbu. Ukizima taa kinasahau. Hawa hawakusahau. Taa ya mheshimiwa ilikuwa imewaongezea jioni, saa yao ya ndani ikarudishwa nyuma, na baada ya hapo ikaendelea kutembea kwa mwendo ule ule, ikiwa imechelewa. Huwezi kusogeza mshale wa saa ambayo haipo. Mgeni rasmi alichelewa, akawachelewesha na ruhuka, na kwa kufanya hivyo akathibitisha katika hotuba moja kitu ambacho mimi ningehitaji msimu mzima kukithibitisha.

Nilimpelekea mkuu wa kituo habari hiyo. Alisikiliza, akachagua mojawapo ya kalamu zake.

"Kwa hiyo mheshimiwa amegundua kitu?"

"Mheshimiwa amewasha taa."

"Ndicho ninachosema. Andika kwamba jaribio lilifanywa kwa ushirikiano wake."

Nikaandika. Ningeandika hata kwamba alikuwa amevaa taji. Chumba hakikupangishwa tena. Nani angethubutu kujaza magunia mahali mheshimiwa alipofanyia sayansi? Vijana, mkiona kibao cha shaba mlangoni chenye jina lisilo la mtafiti yeyote, sasa mnajua. Kipigeni msasa, msikiondoe, maana bado kinalinda chumba.

Jumamosi nikapanda Mwika. Baba alikuwa amekaa nje, shoka limeegemea ukuta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta jibu au umeleta sukari?"

"Vyote viwili." Nikamweleza. Asubuhi ruhuka yuko ndani ya tunda, dawa haimfikii. Apige alasiri, hata siku ya ukungu, na atatumia dawa kidogo kuliko anayoimwaga sasa. Alinisikiliza vizuri sana. Halafu akauliza, "Alasiri ipi?"

"Saa tisa. Saa kumi."

"Saa tisa niko kwa Ndeonasia."

Nyinyi mliozaliwa na soda, nieleze. Ndeonasia alikuwa anapika mbege, pombe yetu ya ndizi, na wazee wa upande ule walikutana kwake kila alasiri. Baba alikuwa mzee wa kanisa na mzee wa kilabu, na hakuona mgongano. Kata moja ya mbege hupita midomo yote. Anayenuka dawa ya wadudu hawezi kuipokea, na asiyeipokea kata amejitenga na wenzake. Ndiyo maana dawa hupigwa asubuhi: mtu apate kuoga, apumzike, anukie binadamu kufika alasiri. Nilikuwa nimeipima saa ya ruhuka mpaka ndani ya giza, sikuwahi kuipima saa ya mbege.

"Si ungeenda kwa Ndeonasia asubuhi?" nikajaribu. Alinitazama kama nimependekeza Krismasi ihamishiwe mwezi wa tano.

"Huyo mdudu," akasema baada ya kufikiri, "hawezi kufundishwa kutoka asubuhi? Si umesema yule mkubwa aliwageuza kwa taa? Tukining'iniza karabai kwenye mibuni?"

Kwa mtu asiyesoma kemia lilikuwa wazo la kuheshimika, na nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia bei ya mafuta ya taa. Akainuka, akashika shoka.

Mama alikuwa anawakatia ng'ombe migomba pembeni. Akaweka panga chini. "Bomba liko wapi?" akauliza.

"Bomba gani?" akasema baba.

"La kupigia dawa."

"Mama Aika, kahawa si ndizi." Hilo nalo lilikuwa na maana yake. Kwetu ndizi na maziwa ni vya mwanamke, kahawa ni ya mwanamume, na hata kuigusa kwa mkasi mwanamke alisubiri kutumwa.

"Sijaomba kahawa yako," mama akasema. "Nimeuliza bomba. Wewe nenda kwa Ndeonasia, unachelewa."

Akaenda, kwa kuwa kweli alikuwa anachelewa. Mama akavaa koti la mvua la baba, akajifunga kitambaa mdomoni, nikampimia dawa, akaanza mbuni wa kwanza. Watoto wa jirani walikuja kuangalia kichekesho cha mama mzima na bomba mgongoni. Jioni baba alirudi akasimama pembeni ya kihamba, akaangalia majani yaliyolowa, akaingia ndani. Msimu ule matunda yalichumwa mazima kuliko tulivyokuwa tumezoea, na shoka likarudi kupasua kuni.

Mwaka uliofuata alasiri za Mwika zilijaa wanawake wenye mabomba. Wanaume walikuwa kwenye mbege, na kila mmoja alikuwa akiwaeleza wenzake jinsi alivyogundua kwamba ruhuka hutoka alasiri. Kituo chetu nacho kikatoa kipeperushi kizuri, chenye picha ya mwanamume anayetabasamu akipiga dawa jua likichomoza.

Mama aliifanya kazi ile kwa miaka mingi, hata bei ya kahawa ilipokuwa haifai kusimuliwa, mpaka presha ilipomchukua. Tulimzika kihambani, chini ya migomba yake. Baada ya maziko watu walikaa, Ndeonasia akaleta pipa la mbege, na wazee wakamtafuta baba, maana mfiwa ndiye wa kupokea kata ya kwanza. Hakuwepo ndani. Hakuwepo kaburini.

Nilimkuta kwenye mibuni. Alikuwa na suti yake ya maziko, bomba mgongoni, kitambaa cha mama kimefungwa mdomoni. Haukuwa msimu wa dawa, hapakuwa na tunda hata moja juu ya mti, na ndani ya bomba mlikuwa na maji tu. Alipiga mbuni mmoja mpaka ukachuruzika, akanisikia, akageuka.

"Ni saa tisa hii, Aika?"

"Ni saa tisa, baba."

Akaitikia kwa kichwa, akasogea kwenye mbuni wa pili. Nikarudi kuwaambia wazee waanze kunywa bila yeye.